Kansere: kisha matokeo, nani anabaki na mugonjwa?



Mu familia nyingi za muji huu maneno ni yale yale: "Matokeo yametoka, ni kansere, wanasema twende Kigali." Kisha nyumba nzima inanyamaza. Kwenda Kigali na nini?

Tuseme wazi. Goma haina mashine ya radioterapi. Kinshasa iko ngambo ingine ya inchi, zaidi ya kilometa 1,500. Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 ilichukua muji, uwanja wa ndege ulifungwa, mabenki nayo yakafungwa. Inabaki paka kuvuka Grande Barrière na kufanya kilometa karibu 155 mpaka Kigali, fasi radioterapi ilianza mu 2019 ku hospitali ya jeshi ya Kanombe. Ao Mulago, Uganda. Huko mashine moja tu waliyokuwa nayo iliharibika mu 2016, na ikapita zaidi ya mwaka na nusu mbele ya kupata ingine.

Na radioterapi si sindano ya siku moja. Mugonjwa anarudi siku 5 kila juma, pengine majuma 5 ao zaidi. Atalala wapi? Nani atabaki na watoto? Pesa ya gari ndiyo hesabu ndogo.

Mchango wa kwanza unajaa haraka, M-Pesa inalia usiku muzima. Wa pili unakuja polepole. Akimaliza matibabu na docteur akamupa randevu ya kila miezi 6, watu wanasema: si amepona? (Angekufa, pesa ya sanduku ingepatikana mu masaa mawili.) Lakini mama aliyetibiwa kansere ya ziwa anaweza kuandikiwa tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka 5. Miaka 5, mu Goma hii! Mkono wa upande waliopasua unaweza kuvimba, na bidon ya litre 20 bado inamungoja ku bomba. Bwana pengine ameisha kimbia, majirani wanasema alirogwa.

Ndiyo maana tunaomba kila likelemba, kila avenue, ichague mugonjwa moja na kubaki naye miaka yote, kidogo kidogo kila mwezi, na mtu mmoja wa kushika kalenda ya randevu. Sisi wenye diploma bila kazi, kama tuko na kitu, ni muda: kusoma karatasi za docteur za Kifaransa na Kingereza, kusindikiza mpaka barrière, kukaa ku foleni.

Lakini likelemba haitafanya kazi ya Leta. Mu 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi afya asilimia 15 ya bajeti. Tungali tunangoja. Na wote wanaosimamia mpaka, pande zote mbili: karatasi ya hospitali itoshe kuvusha mugonjwa na mwenye kumusindikiza, bila kulipisha hata franga.

Mwisho, maumivu. Hospice Africa Uganda inatoa morfini ya kunywa tangu 1993, ni unga unaochanganywa na maji, bei yake ni ndogo. Tangu 2004 sheria ya Uganda inaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuiandika. Tunaitaka ku vituo vya afya vya Ndosho, Majengo na Mabanga, si ku hospitali kubwa peke yake.