Fimbo ya Uani na Saa ya Ukutani

Katika nyumba moja ya Kimara Baruti tulionyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya saa, nayo imeandikwa nyakati tano za Sala kwa wino mweusi. Adhuhuri imewekwa saa 6:30. Hapakutajwa mwezi: ni 6:30 Januari, ni 6:30 Juni, ni 6:30 Desemba. Mama wa nyumba ile ni mwenye bidii ya kusali mwanzo wa wakati, na mshale ukifika pale tu hutandika msala wake. Nasi hatuna la kumlaumu, maana aliyekabidhiwa karatasi huifuata. Lakini yapasa tuseme wazi kwamba kwa mtu akaaye Dar es Salaam karatasi ile huwa salama kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kwa miezi miwili na zaidi humsalisha mtu kabla ya wakati.

Kila mtoto wa chuoni ajua ya kuwa Adhuhuri huingia jua linapopinduka, wala si lingali utosini. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas, waliyoiandika Abu Daud na Tirmidhi, Jibrili alimsalisha Mtume (s.a.w.) kwenye Kaaba siku mbili, akamwonyesha mwanzo na mwisho wa kila wakati, na kipimo cha Adhuhuri na Alasiri kilikuwa kivuli. Basi anayetaka kuipima karatasi yake na aende uani, akakitazame kivuli.

Hivyo ndivyo walivyofanya watoto wa nyumba ile, binti wa kidato cha pili na mdogo wake wa darasa la sita. Walianza kwa mchezo, kama watoto waanzavyo kila jambo jema. Walichukua kipande cha nondo (na nyumba gani ya Kimara haina kipande cha nondo kilichosalia katika ujenzi?) wakakisimamisha uani, urefu wa mita moja kamili juu ya ardhi. Kimara ni nchi ya vilima, na uwanja wao umeinama kuelekea bondeni. Kwa hiyo walisawazisha mahali kwa udongo na mchanga, wakaupima usawa kwa pima maji ya fundi, na nondo wakaisimamisha kwa timazi. Asiyekuwa na pima maji ajaze maji katika sinia. Maji hayasemi uongo. Kazi hii ya kusawazisha ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka.

Kisha wakafunga uzi katika nondo wakachora duara kuizunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu, ncha yake iko nje ya duara. Jua likipanda kivuli hufupika hata ncha ikagusa duara, nao hutia alama. Baada ya mchana kivuli hurefuka tena, ncha ikatoka nje upande wa pili. Hapo hutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili hupita mstari unaotoka kwenye nondo, na mstari huo ndio wa kaskazini na kusini. Kivuli kikiuangukia, jua liko katikati ya mbingu. Kikiuvuka kwenda mashariki, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Wataalamu wetu wa zamani waliiita Duara ya Kihindi, na Al-Biruni, aliyefariki yapata mwaka 1048, alitunga kitabu kizima juu ya elimu ya vivuli. Baada yake Ibn al-Shatir, mshika nyakati wa Msikiti wa Umayya huko Damaski, alitengeneza saa ya kivuli mwaka 1371 ikawekwa katika mnara wa msikiti ule. Basi mtoto anayechora duara uani hakuanzisha jambo geni.

Siku moja mwanzoni mwa Machi wale watoto walistaajabu. Mchana kivuli kilizidi kufupika mpaka kikatoweka kabisa, nondo imesimama juani bila kivuli kama kitu kisicho na mwili. Jua lilikuwa sawasawa juu yao. Sisi tunaokaa kusini ya Ikweta kwa digrii sita na kitu hupata jambo hili mara mbili kwa mwaka, yapata tarehe 3 Machi na tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni jua huwa upande wetu wa kaskazini, na kivuli cha mchana cha nondo ya mita moja huangukia kusini sentimita 58. Desemba huwa upande wa kusini, na kivuli huangukia kaskazini sentimita 30.

Lakini kijana yule wa darasa la sita alitazama saa ya simu ya mama yake, akasema neno lililotufanya tuandike makala hii. Alisema, "Mbona ni saa sita na dakika thelathini na tano, na mama amekwisha kusali?"

Sababu ya kwanza ni kwamba saa za Tanzania zimefuatishwa mstari wa longitudo 45, upitao huko karibu na Mogadishu, nasi wa Kimara tuko kwenye digrii 39. Kila digrii ni dakika nne. Kwa hiyo jua hufika juu yetu dakika 23 baada ya saa kusema ni sita kamili. Sababu ya pili ni kwamba saa huhesabu kila siku kuwa sawa na mwenziwe, na jua halifanyi hivyo. Dunia hulizunguka jua katika njia isiyokuwa duara kamili. Huwa karibu nalo zaidi mwanzoni mwa Januari na hapo huenda mbio, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali ikaenda taratibu. Tena mhimili wake umeinama digrii 23 na nusu. Kwa ajili hiyo, toka mchana wa leo hata mchana wa kesho huzidi au hupungua sekunde chache, na sekunde zikikusanyika huwa dakika. Mapema Novemba jua la Kimara hufika katikati saa 6 na dakika 7. Katikati ya Februari hufika saa 6 na dakika 37. Tofauti ni nusu saa nzima, na mwenye karatasi ya 6:30 husali kabla ya wakati toka wiki ya pili ya Januari hata kupita tarehe 20 Machi. Mwenye kutaka hukumu ya zile Sala zilizopita na amwulize sheikh wake. Hapa twasema juu ya kivuli tu.

Nondo ile ile hukata na ubishi wa Alasiri. Siku ambayo mchana hakuna kivuli, Alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kivuli kikifika mita moja, sawa na nondo yenyewe. Kwa Kimara ni saa 9 na dakika 36 katika Machi, na saa 9 na dakika 11 katika Oktoba. Siku nyingine huongezwa kile kivuli kilichokuwapo mchana. Binti alikuwa na programu ya nyakati katika simu yake, ikimwambia saa moja na zaidi baadaye, akadhani simu imeharibika. Ilikuwa imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, ambao hungoja kivuli cha mara mbili. Simu huhesabu vizuri sana, lakini huhesabu kile ilichoamriwa.

Tena iko faida ambayo hawakuitafuta. Makka na Dar es Salaam karibu ziko katika longitudo moja, na kwa hiyo ule mstari wa kaskazini walioupata kwa uzi na duara ndio Kibla chao, isipokuwa huelekea mashariki kidogo sana, digrii moja na kitu. Atakaye kuhakikisha na angoje tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27. Nyakati hizo jua huwa juu ya Kaaba yenyewe, na anayelielekea jua ameelekea Makka. Mama wa nyumba aligundua kwamba msala wake wa chumbani ulikuwa umepinda kufuata ukuta, maana fundi alijenga kufuata mteremko.

Karatasi ya ukutani imekwisha kuondolewa, na mahali pake binti ameandika nyingine yenye miezi kumi na miwili. Sasa wanangoja Oktoba, saa 6 na dakika 10, waone kama kivuli kitatoweka tena. Ikiwa tarehe 10 ina mawingu, nanyi wasomaji mnaotaka kujaribu, tazameni tarehe 9 au 11. Kivuli kitakuwa milimita saba hivi, hakizidi unene wa nondo.