Chungu cha Wafiwa

Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa shahidi huko Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza jamaa zake wapikiwe, kwani msiba umewashughulisha. Kwetu pwani mambo yamepinduka: mfiwa ndiye anunuaye mchele na mbuzi wa pilau ya hitima, na mjane huingia eda ya miezi 4 na siku 10 akiwa na deni dukani. Hitima na isomwe. Sufuria zitoke kwa majirani.

Bibi Aisha (R.A.), wanawake wa msibani wakishatawanyika, akiamuru wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri uliwazao moyo. Uji huo twaweza kumpelekea mjane siku ya nne, matanga yakisha kuanuliwa na mikeka kukunjwa.