Bibi Harusi, Soma Boksi Kabla ya Kupanga Sinia



Siku hizi sinia ya harusi bila chokoleti za karatasi ya dhahabu huonekana haijakamilika. Sisi tunaoshona magauni ya maharusi huku Kemambo, Tarime, tunaombwa na sinia pia, na wengi hututajia jina moja: Ferrero Rocher. Hatuwakatazi. Tunachosema ni kwamba jina la kampuni halihalalishi kila kinachotoka humo.

Ferrero ilianzishwa na Pietro Ferrero mwaka 1946 katika mji wa Alba, Italia. Vita vilikuwa vimeisha, kakao ilikuwa adimu na ghali, lakini kwao kulijaa hazelinati, kokwa za mtini zenye mafuta kama korosho. Akazisaga, akachanganya na kakao kidogo, akapata kitu kitamu ambacho hata mtu wa kipato kidogo aliweza kununua. Mwaka 1964 mwanawe, Michele, akatoa Nutella. Mwaka 1982 ikaja Rocher.

Ila katikati hapo, mwaka 1956, kampuni hiyohiyo ilitoa Mon Chéri: chokoleti yenye tunda la cheri ndani, na cheri hiyo inaogelea kwenye pombe. Boksi lake linapendeza, na ikishapangwa kwenye sinia hakuna atakayeitambua. Shangazi ataing'ata, mtoto atapewa.

Wapo watakaosema ni tone tu. Sisi hatukubali. Mgeni wa walima hali kwa kuuliza, anakula kwa kukuamini. Amana hiyo ni yako, bibi harusi, si ya muuza duka.

Kwa hiyo geuza boksi, usome viungo. Ukiona liqueur, rum, brandy au kirsch, rudisha. Lugha ikikushinda, uliza. Usipopata jibu, acha. Na kwa zile zenye kokwa, waambie wageni, maana wapo wanaodhurika nazo.

Bajeti ikibana, fanya kama Pietro: tumia kilicho karibu. Tende zilizojazwa korosho, kashata za nazi, hata chokoleti ya kakao yetu ya Kyela au Kilombero. Hakuna aibu hapo. Kampuni kubwa ile nayo ilianza kwa uhaba.

Allah azibariki ndoa zenu, na kila kinachowekwa mbele ya wageni wenu kiwe halali.