Liwali wa Mpakani na Ushuru Usio Wake

Malori yakikwama mpakani Malaba, lawama humwangukia gavana wa Busia. Mwaka 2020, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, foleni ilirefuka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Takataka za kando ya barabara, zahanati, masoko: yote ni mzigo wa kaunti. Ushuru wa forodha, kwa Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, hutozwa na serikali ya kitaifa peke yake, na KRA, mamlaka ya mapato, ndiyo inayoukusanya. Kaunti hubaki na ada za maegesho, leseni na soko.

Je, gavana wa mpakani agawiwe sehemu ya ushuru huo? Naamini agawiwe, lakini kwa sharti la zamani sana.

Zamani hizo, Abu Musa al-Ash'ari, liwali wa Basra (neno hili letu la pwani limetokana na al-wali), alimwandikia Khalifa Umar, aliyetawala 634 hadi 644, kwamba wafanyabiashara Waislamu walikuwa wakitozwa sehemu ya kumi ugenini. Mapokeo yanasema Umar aliagiza wageni nao watozwe kumi, dhimmi (asiye Mwislamu aishiye chini ya dola ya Kiislamu) nusu yake, Mwislamu dirham 1 katika kila 40, na mali ya Mwislamu isiyofika dirham 200 isiguswe. Mchuuzi mdogo alikumbukwa tangu hapo. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa shehena isiyozidi dola 2,000, ndio unaomfaa mama anayevusha nafaka kutoka Sofia, ng'ambo ya Busia.

Sharti lenyewe ni hili: Umar hakuwaamini maliwali wake kwa maneno matupu. Aliorodhesha mali zao siku ya kuteuliwa, na waliotajirika kupita kiasi akawachukulia nusu. Sa'd ibn Abi Waqqas, mshindi wa vita vya Qadisiyya, alipoweka lango kwenye kasri lake la uliwali mjini Kufa, likawazuia watu kumfikia, Umar alimtuma mjumbe wake, Muhammad ibn Maslama, kulichoma moto.

Kenya nayo ina fomu ya kutangaza mali, tangu sheria ya maadili ya mwaka 2003. Hujazwa, kisha hufungiwa. Raia wa kawaida haioni kwa urahisi. Hapo ndipo dai la kaunti za mpakani linapopoteza nguvu. Gavana anayetaka fungu la forodha ya Malaba aibandike fomu yake kwenye mlango wa ofisi Busia mjini, mwendesha bodaboda aisome, kisha ndipo aende Nairobi kudai.