Kabla Hujawalaumu Maelfi, Pitia Muindi Mbingu Street

Kama umecheza Skyrim, gemu iliyotoka 2011, unawajua Falmer: vipofu wa mapangoni wanaokurukia, nawe unawamaliza bila kuuliza. Soma vitabu vilivyomo humo ndani ya gemu utagundua hao walikuwa maelfi wa theluji. Binadamu wanasema maelfi ndio walioanza, wakauteketeza mji wa Saarthal. Ysgramor akarudi na wenzake 500 kulipiza, na hakuchagua. Maelfi waliobaki wakakimbilia kwa Dwemer, ambao waliwapofusha na kuwafanya watumwa. Sasa mashabiki wanabishana: nani alaumiwe, maelfi au binadamu?

Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kuna waliopanga, kuna waliotekeleza, na kuna watoto ambao hawakujua lolote. Ukilaumu jamii nzima, mwenye kosa anajificha katikati ya umati.

Unasema hiyo ni gemu tu? Haya, twende Ukambani.

Serikali ya kikoloni ilidai udongo unaisha kwa sababu Wakamba wanafuga ng'ombe wengi kupita kiasi. Ni kweli udongo ulikuwa unamomonyoka. Lakini serikali hiyohiyo ndiyo iliyowagawia walowezi ardhi ya Wakamba, kisha ikawabana wenyeji ndani ya rizavu. Mwaka 1938 ikaanza kuchukua mifugo yao na kuiuza kwa lazima, kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, ila kabla mwaka haujaisha uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Ile barabara ya tauni unayopitia ukienda City Market ina jina lake.

Na hao "wasiojua kutunza ardhi"? Familia zilishuka kutoka milimani hadi nyanda kavu za Makueni, Kathonzweni ikiwemo, zikachimba matuta kwa jembe na sepetu. Mtindo wa fanya juu unajulikana na wataalamu wa kilimo ng'ambo kwa jina hilohilo la Kiswahili.

Kwa hivyo sisi tunajua uchungu wa kubebeshwa lawama kama kabila. Mbona basi tunawabebesha wengine? Ngamia wakiingia shambani kule Kitui, unasikia "Wasomali hawa!" Hata mwenye duka ambaye hajawahi kushika fimbo ya kuchunga anaangaliwa vibaya. Hasara ya mkulima ni ya kweli, na damu imemwagika. Ndiyo maana tuulize maswali yenye majibu: ngamia hawa ni wa nani? Nani aliwaleta? Nani wa serikali alijua akanyamaza? "Wasomali" si jibu la hata swali moja kati ya hayo, na mkulima hatalipwa na kabila.

Utaniuliza: kwani aliyerithi hana deni? Analo. Hatia hairithiwi, lakini shamba lililoporwa hurithiwa, na anayelikalia ana la kujibu hata kama hakupora yeye.

Kwa hiyo ukienda ushago mwaka huu, ukasikia mtu anaanza na "watu wa kabila fulani", mkatize kwa heshima: "Mzee, nani hasa?" Akikosa jina, hiyo si historia. Ni kisasi kinachotafuta mtu wa kumwangukia.