Usishushe giaboksi bila kupima
Anayeandika kwamba gari kuukuu likigoma kuingia gia libadilishwe pleti ya klachi anawatia hasara madereva wa Arua na Koboko. Zima injini, jaribu gia. Zikiingia laini, kisha injini ikiwaka zikwaruze, hasa ya rivasi, klachi haiachii. Kwa klachi ya oili, pampu pedali: gia ikikubali, kosa ni hewa au raba za silinda, si pleti. Chungulia silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi. Vumbi jekundu lililolowa litakuonyesha panapovuja. Pleti iliyokwisha ina dalili nyingine kabisa: mlimani injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Hapo ndipo giaboksi ishuke, na sili ya krenki ikaguliwe, maana ikivuja hata pleti mpya itateleza.