Kindi Mwekundu Ana Majirani. Sange Wetu Ana Nani?

Juzi niliweka video ya dakika moja kuhusu kindi mwekundu wa Uingereza na nusu ya majibu ilikuwa kicheko. Ati Wazungu wana muda. Ati huku tuna njaa na mimi nawaletea panya wa miti. Sawa, chekeni. Lakini mimi nimelelewa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kicheko chenu kimenigusa pabaya, kwa hivyo leo naandika marefu. Vumilieni.

Kindi wa kijivu si wa Uingereza. Aliletwa kutoka Marekani Kaskazini, akaachiliwa Cheshire mwaka wa 1876 kama pambo la shamba la tajiri. Ni mkubwa kumshinda mwekundu, anamaliza chakula cha msituni kabla hakijaiva vizuri, na anabeba virusi vya ndui ambavyo yeye havimfanyi kitu. Mwekundu akivipata, wiki mbili hivi amekwisha. Leo wa kijivu wamepita milioni 2. Wekundu hawafiki 300,000, na wengi wao wako Uskoti.

Sasa angalia Anglesey, kisiwa cha Wales. Mwaka wa 1998 wekundu walikuwa wamebaki kama 40 hivi. Arubaini, kisiwa kizima! Kuna boma kwetu lina mbuzi wengi kuliko hao. Watu wakaanza kuwatega wale wa kijivu na kuwaua. Ndiyo, kuwaua, sitawapamba. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 walikuwa wamewamaliza kisiwani, na leo wekundu ni mamia. Pesa za ruzuku zilikuwepo, wategaji wa kulipwa walikuwepo, sikatai. Lakini kisiwa hicho kina madaraja mawili, na kindi wa kijivu anavuka daraja bila kuuliza mtu. Nani atamwona kwanza? Si afisa. Ni mama anayeosha vyombo akichungulia dirishani. Anapiga simu, mtego unawekwa. Ni mzee mstaafu anayesugua kisanduku cha chakula cha kindi kwa dawa ili ndui isienee, mvua ikinyesha, bila kamera wala makofi.

Na hakuna anayelipa nauli ya ndege kwenda kumwona kindi. Hiyo ndiyo sehemu mnayoiruka mkicheka. Simba ana watalii, tembo ana wafadhili, kindi ana majirani tu. Na wametosha.

Sange wetu ana nani?

Wengi wenu hamumjui, na yuko Kenya. Ni yule wa matako ya dhahabu, mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayechakura majani makavu akitafuta mchwa na buibui. Arabuko-Sokoke ndiyo ngome yake, na wachache utawaona pale magofu ya Gede ukitulia. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Halafu mnamwita panya! Kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya, wanasayansi wenyewe ndio wanasema, na hata jina wanalomwita, sengi, wamelitoa kwenye lugha zetu za Kibantu.

Nyama yake nimeila. Nikiwa darasa la 4, mara mbili, kwa binamu yangu aliyekuwa akitega kwa waya njia wanazopita. Siandiki haya kama mtakatifu. Nyumbani hapakuwa na mboga na sange alikuwa pale nyuma ya shamba, hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Kwa hivyo mtu akikaa Nairobi akaniambia adui wa msitu ni mwanakijiji, namuuliza: wewe ulikula nini siku hiyo? Na hicho kinyago cha muhugu hapo sebuleni kwako, huo mti ulitoka wapi?

Msinielewe vibaya, mtego ni mtego. Lakini tunajua ni nini kinafanya mtu auache, manake tumeona. Mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo ulianza pale Gede. Wakulima wanaofuga viwavi wa vipepeo wa msituni, buu linauzwa nje ya nchi, mkulima analipwa. Kabla ya hapo walikuwepo majirani wengi waliotaka msitu ukatwe wapewe mashamba. Ghafla mti uliosimama ukawa na bei. Hakuna aliyehubiriwa.

Sheria nayo ipo. Tangu 2005 jamii zinaweza kuunda vyama vya misitu na kusimamia msitu pamoja na serikali. Kwenye karatasi, sisi ni wenye msitu. Kwa kweli tunaitwa warsha hotelini, tunapewa soda na fulana, tunapigwa picha, tunarudi nyumbani na fulana. Skauti wa kijiji ninayemjua anatoa nyaya za mitego kwa mikono yake na malipo yake ni "asante sana". Ana watoto watatu. Kisha mnashangaa vijana wanachoma makaa.

Hiyo si hifadhi ya jamii bana, hiyo ni hifadhi inayopigia jamii picha. Kama kuna pesa inaingia kwa jina la msitu wetu, hesabu ibandikwe ukutani kwa chifu tuisome kwa macho yetu. Skauti alipwe kila mwezi kama mlinzi wa benki. Na mama wa kijijini akipiga simu kwamba ameona waya, mtu apokee na aje, asiulizwe kwanza yeye alikuwa anafanya nini msituni. Yule wa Anglesey haulizwi.

Mtasema mimi niliacha chuo mwaka wa pili, najua nini kuhusu uhifadhi. Sawa. Lakini najua njia ya sange iko wapi na waya huwekwa urefu gani kutoka chini. Jumamosi natembea na yule skauti ukingoni mwa msitu, upande wa Gede, saa 12 asubuhi. Nyinyi mliocheka, mmealikwa. Kujeni na maji yenu, na simu iwe kimya, manake sange akikusikia anapiga mkia chini na kupotea kabla hujafungua kamera.